Mwandiko wa Eusebia

Jokofu la maabara, Umeå,
nyuzi themanini chini ya sifuri:
vichupa mia nne vya damu kutoka Tarija
vimelala, kila kimoja na namba yake.

Wakuu wa vitivo walishatia saini,
wakapeana mikono, wakapigwa picha, wakala samaki.
Gunvor hakualikwa. Kazi yake kuhesabu.

Anaujua mwandiko wa Eusebia Condori
na sura yake hajapata kuiona:
saba iliyofungwa mkanda kiunoni,
tisa iliyoinama kama mtu wa zamu ya usiku.
Pembeni mwa lebo ya 306, kwa penseli,
maneno aliyoyatafuta kwenye kamusi:
Huyu alitembea saa tano. Msikiangushe.

Hakukiangusha.

Makala ikatoka. Waandishi kumi na wanne.
Eusebia yuko chini kabisa,
kwenye shukrani, herufi za sisimizi,
tena jina wamelikosea.

Gunvor akabisha hodi kwa profesa,
glavu bado mkononi.
"Ndio utaratibu," profesa akasema.
"Sawa. Njoo basi
unisomee kichupa kimoja."

Profesa akaanza kutafuta miwani.