Mpaka wa Iduda

Nimeuza viwanja viwili. Naanza na hilo
ili Mwazembe asiniwahi kulisema.
Cha kwanza kilimpeleka Lusajo chuo cha ufundi.
Cha pili kililipa kitanda cha Rufaa, wiki sita,
kisha kikalipa sanduku.
Palipokuwa na matuta kumi na tisa ya viazi
sasa pana geti jekundu, na mbwa
anayenibwekea kwa sauti ya mwenye shamba.

Zamani Iduda ilikuwa mbali na mji.
Mimi sikusogea. Mji ndio ulionifuata,
umevaa raba, umebeba futi kamba,
ukaniuliza, "Mama, mpaka wako unaishia wapi?"
Nikacheka. Unaishia pale jembe linapochoka.
Kijana akaandika namba,
akachimba shimo la kina cha goti,
akapanda bikoni ya zege
katika udongo mweusi huu, ambao hata ukidondosha
mbegu bila kukusudia
wenyewe huchukulia ni agizo.

Jiwe halikuota.
Ila lilizaa: mwezi wa saba
lilikuwa na wenzake arobaini.

Ndipo wakaja madalali na pikipiki zao.
Robo eka, maji yapo, umeme njiani,
Loleza unaiona bure ukiwa kitandani.
Wakinunua, wanapima kwa hatua za twiga,
wakiuza, kwa hatua za bibi harusi.
Sisi wa viazi tunaijua hesabu hiyo,
tumefungiwa lumbesa tangu tuzaliwe:
gunia moja, kilemba juu yake,
bei ileile.

Jumamosi tuliitwa ghalani.
Afisa alitandika ramani juu ya magunia matupu,
akapitisha kidole kwenye mfereji:
"Jiji liishie hapa. Ng'ambo hii, kilimo.
Hakuna kukata viwanja, hata kwa mtoto wa kuzaa."
Kimya. Mtu akakohoa.
Halafu Mwazembe akasimama, kofia mkononi:
"Mama Lusajo, wewe umeshakula.
Leo unataka tufunge jiko?"
Watu wakacheka. Nikacheka nao,
maana lilikuwa kweli, na kweli ikichekesha
afadhali ucheke mapema.

Anyitike yeye hakucheka. Ana mke, ana pacha,
wamepanga chumba kimoja Nsalaga.
"Na sisi tujenge wapi? Kwenye ukungu?"
Nililitafuta jibu mpaka kwenye mfuko wa kanga,
nikakuta risiti ya mbolea.
Nikasema nilichonacho:
mtu anaweza kulala juu ya mtu mwenzake, ghorofani,
akapanda ngazi, akazoea.
Kiazi hakijui ngazi.
Akanitazama. "Ghorofa hilo nani atanijengea?"
Hapo sikuwa na neno, wala afisa hakuwa nalo,
alikuwa anakunja ramani.

Mikono ikahesabiwa.
Wengine waliinyoosha nusu,
kama anayesimamisha gari na hana nauli.
Wangu niliunyoosha wote, na udongo wa kuchani.
Sitini na moja kwa hamsini na nane.
Anyitike alikuwa kwenye hamsini na nane.
Tuliporudi alinibebea ndoo mpaka kwangu, hakusema kitu.

Sijui mpaka utadumu.
Usiku nasikia pikipiki zikizimwa karibu na mfereji,
tochi zikitembea hatua za twiga.
Asubuhi naenda kuhesabu mawe,
umande wa Juni ukinikata vidole.

Lakini msimu huu nimepanda hadi ukingoni,
mpaka bega la tuta likagusa zege.
Juzi nikachimbua.
Kimoja kilikuwa kimekulia palepale, shavu kwa shavu na bikoni,
upande mmoja mviringo,
upande mwingine bapa kama ukuta.

Nilikigeuzageuza mkononi.
Nikakiosha, nikakichemsha na vingine,
nikampelekea bakuli Anyitike na pacha wake.
Hakuna aliyeuliza kipi ni kipi.