Mtu wa Mtungi

Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa usharika wetu,
kanisa la mbao kando ya ziwa
ambalo huganda Novemba na kusahau kuyeyuka mpaka Mei.
Nimeandika nani alitoa nini:
ukoo wa Kinnunen, kengele mpya;
duka la mbao, madirisha mawili;
mchungaji, neno fupi la shukrani
(halikuwa fupi).

Kuhusu theluji sikuandika kitu.
Kila Jumapili ngazi zilikuwa safi,
zimenyunyiziwa mchanga,
hata bibi Saimi, mwenye nyonga ya chuma,
akipanda bila kushikwa mkono.
Nilidhani ni Oskari, mtunza kanisa.
Oskari alidhani ni halmashauri.
Halmashauri, kama halmashauri zote,
haikudhani chochote.

Kisha usiku mmoja jino likaniamsha.
Saa kumi kasoro robo. Dirishani nikaona taa
inainama na kuinuka, inainama na kuinuka,
mbele ya mlango wa kanisa,
kama mtu anayesali kwa mgongo.

Alikuwa Hilja Tervaniemi,
yule wa benchi la mwisho, wa kikohozi,
asiyependa watoto wakimbie,
asiyependa kahawa yangu.
Hilja: kwa lugha yetu jina hilo lina ukimya ndani yake.
Alimwaga mchanga kutoka ndoo kuukuu, akaingia.
Moshi ukaanza kupanda dohani.
Wahenga walisema tenda wema uende zako;
yeye alikuwa ameshakwenda zake
kabla hatujatafuta soksi.

Nikafungua kitabu, nikashika kalamu, nikaiweka chini.
Niliikumbuka ile karamu ya ghorofani.
Tunawajua walioketi,
hata msaliti tunamtaja kwa jina.
Lakini yule mwanamume aliyepita mjini na mtungi wa maji,
wakamfuata nyuma hadi mlangoni,
nani anamjua?
Maji yaliyoosha miguu ya Petro yalitoka wapi,
kama si mtungini mwake?
Na asubuhi, Bwana akiwa mbele ya waamuzi,
nani alikiokota kile kitambaa kilicholowa,
akakikamua, akakianika?

Mwezi wa tatu mapafu yakamlaza Hilja hospitalini.
Jumapili ile tulisimama nje, theluji magotini,
tukiutazama mlango kama watu walioibiwa.
Mchungaji alisema, Mungu atusaidie.
Hakuna aliyekuwa na koleo.

Nilikwenda kumwona. Nilikuwa na hotuba,
kurasa mbili, kwa hati yangu nzuri.
Akanikata kwenye sentensi ya kwanza:
"Saimi alipanda?"
Nikasema, alirudi nyumbani.
Akaugeukia ukuta.
Sijapata kukemewa namna ile.
Baadaye sana, bado akiutazama ukuta:
"Mchanga uko chini ya ngazi ya mnara.
Ndoo inavuja. Ishike kwa chini."

Basi ni saa kumi kasoro robo.
Mpini wa koleo umelika mahali pawili,
viganja viwili vidogo; vyangu havienei.
Ngazi ya tatu naiacha na barafu, naikumbuka, nairudia.
Jiko limenifukiza moshi machoni mara mbili.
Na nakiri: natamani dirisha moja tu liwake,
mtu mmoja mwenye jino bovu
anione.

Madirisha yote ni meusi.
Nyuma yangu theluji inaanguka tena,
ngazi ya kwanza imeshakuwa nyeupe.
Nairudia na hiyo.

Kitabuni, chini ya Machi, kuna mstari mmoja.
Baraza waliusoma, wakatazamana, wakaupitisha
bila kuuliza maana yake:

Saimi alipanda.