Mama wa Mayai

Mwaka wa kwanza nilikizunguka kwa hatua mia nne na kumi,
pekupeku, kamba ya kupimia begani,
na Shaji wa Kerala nyuma yangu na kijiti chake cheupe na chekundu,
akinung'unika kuwa jua la Duqm halina adabu.
Kwenye ramani ya bandari kiliitwa Namba Saba.
Wajanaba walikiita Ummu Bedhi, mama wa mayai,
maana kila Mei buabua walishuka pale kama chumvi iliyomwagwa,
wakataga juu ya kokoto tupu,
bila kiota, bila hata unyasi,
mayai yenye madoa, huwezi kuyatenga na mawe.
Tulinyata
kama wezi katika nyumba ya watoto waliolala.

Kisha bandari ikanyoosha mkono.
Mawe ya tani nane nane
yakashushwa majini usiku na mchana,
na mawimbi ya kharifu, yaliyozoea kupita bila kubisha hodi,
yakagota ukutani, yakapinda, yakatafuta pengine.
Mawimbi hayana kinyongo.
Huruma pia hayana. Yana mzigo tu,
na haja ya kuutua.

Mwaka wa pili upande wa kusi ulikuwa umelika.
Kichaka kile kimoja, tulipokuwa tukitundika birika la chai,
kimelala ubavu, mizizi nje,
kama nywele za mtu aliyegutushwa usingizini.
Lakini upande wa bara
kisiwa kilikuwa kimetoa ulimi.
Nikaandika: kimepungua thelathini, kimeongezeka hamsini na mbili.
Mhandisi Yaarub akatoa moja kwenye nyingine, akatabasamu.
"Faida ishirini na mbili," alisema,
akaitia sahihi.

Usiku nikampigia mama, Al-Khoud.
Mama alitoka Wete na sanduku moja la bati
na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo forodhani
waliigeuza na kuigeuza wasijue ni silaha au ni kiti.
Nikamwambia, mama, kuna kisiwa huku kinatembea.
"Kinakwenda wapi?"
Kinakwenda bara.
Akanyamaza. Nilisikia nazi ikikunwa, kwaru, kwaru.
"Labda," alisema, "kimechoka kuulizwa kwao wapi."

Mwaka wa nne, bamvua la Machi,
maji yalikupwa mpaka yakasahau kurudi.
Nilivuka na viatu vyangu vya kazi, soksi kavu.
Mbele yangu alikuwa amekwisha kuvuka mwingine:
nyayo za mbweha, mstari mmoja ulionyooka kama mshono,
za kwenda, na za kurudi
zimedidimia zaidi kidogo.

Mei buabua walikuja.
Walizunguka juu siku tatu, wakipiga kelele kama malango yasiyotiwa mafuta.
Siku ya nne anga lilikuwa jeupe
na tupu.

Ofisini kuna fomu. Pana kisanduku: aina ya ardhi.
Shaji akauliza, tujaze nini?
Hakuna mlipuko uliokitokea, hakuna aliyekizamisha,
hata punje moja haikuibwa.
Kidole kikabonyeza, bluu ikatoka baina ya vitu viwili,
na palipokuwa na jina pakaandikwa: rasi.

Sasa Ijumaa watu huja na magari.
Mama mmoja hutandika jamvi pale pale walipokuwa wakitaga,
mwanawe hupiga mpira, na mpira ukienda majini
baba hukunja kanzu na kucheka.
Siwaonei choyo. Wamenikaribisha kahawa, nimekunywa.

Juzi nilirudi peke yangu, bila fomu.
Nikavua viatu, nikaanza pale tulipokuwa tukianzia
kuhesabu hatua:
mia, mia mbili, mia nne na kumi,
na bado maji yako kulia kwangu,
na bado sijarudi nilipotoka;
elfu moja, maegesho, elfu moja na mia sita, uzio wa bandari,
kisha lami, na kibao kinachoonyesha njia ya Haima,
na miguu yangu, inayoungua,
ikiendelea kuhesabu.