Njegere, Siagi, Viluwiluwi

Miaka ishirini na sita, Zbyněk,
nimelala nyumba moja na minyoo yako.
Rafu ya juu ya friza: njegere, siagi,
na vibao vya karatasi ya fedha, vijumba thelathini,
kila kijumba donge jekundu la viluwiluwi
walioganda katikati ya kujikunja.
Krismasi ile mama alidhani ni plamu za keki.
Ulimwahi kijiko kikiwa njiani.

Sasa uko wodini Vítkovice, mguu juu,
nami nimeachiwa karatasi:
*Donge moja asubuhi. Usilitupe likiwa jiwe.
Liyeyushe kikombeni kwa maji ya tangi,
chuja, mwaga ule wekundu,
kisha kidogo, kidogo.
Wakiomba, wanyime. Samaki hajui neno basi.*
Hata mimi hujawahi kuniandikia barua ndefu hivyo.

Siku ya kwanza nililishika kwa glavu za kuoshea choo.
Likalainika. Likaachia.
Nyuzi nyekundu zikafumuka kama sweta kuukuu,
na wale bapa wako, sahani zenye macho,
wakajificha nyuma ya gogo.
Mkono haukuwa ule.

Siku ya nne yule mkubwa, Bwana Mkaguzi,
mwenye pezi lililochanika,
akachukua, akatema, akanitazama.
Nikakupigia. Ukasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa uji baridi:
"Amechoka na vya barafu. Anataka kinachotembea."

Nani angeniambia
kwamba Machi hii, saa kumi na mbili alfajiri,
nitapiga magoti kwenye kidimbwi nyuma ya mgodi uliofungwa,
na soksi ya nailoni niliyoivalia harusi ya Alžběta
sasa imeshonewa waya wa hanga,
nikichora namba nane majini, kama ulivyoelekeza,
polepole, bila kutibua tope?
Viroboto wa maji: chembe, chembe,
wingu la rangi ya kutu
linaloruka mahali pamoja.

Mzee mmoja mwenye ndoo akasogea, akaukagua wavu.
"Huo ni wa Zbyněk?"
Nikasema ndiyo. Kisha nikajirekebisha:
"Ni wangu. Zbyněk anaunga mfupa."
Akachovya vidole ndooni mwangu bila kuomba,
akanitolea mdudu mmoja mwenye taya,
akamtupa nyasini.
"Huyu angekulia hata watoto," akasema, akaenda zake.

Nyumbani niliwasha taa ya tangi tu.
Nikamimina.
Bwana Mkaguzi akatoka, akasimama,
jicho lake likifuata chembe moja,
juu, kando, chini,
kama mtu anayetafuta neno alilokuwa nalo jana.
Kisha: nyap.

Chai yangu ilipoa jikoni. Sikuikumbuka.

Leo jioni nakuletea supu.
Nitakulisha kidogo, kidogo.
Ukiomba zaidi,
karatasi yako ninayo.