Moteri Mbili, Mtaa wa Esansi

Moteri mbili zimelala juu ya matairi makuukuu
kwa Fundi Muderhwa, mtaa wa Esansi, Bukavu:
moja ya mazutu, moja ya esansi.
Jipu ya baba imeachama, boneti juu,
kama mtu kwa daktari wa meno.

"Chagua," anasema Fundi, akifuta mikono kwa tambara
lililo chafu kuliko mikono.
"Mvua haisubiri, na mimi nadaiwa kodi."

Nachuchumaa, nazinusa. Mimi Nsimire,
muuza maharage, magunia tisa
kutoka Mwenga kila Ijumaa, Mungu akipenda;
na Mungu akipenda lakini daraja likakataa,
Jumatatu.

Ya esansi ni nyepesi, hainung'uniki.
Baba aliipendea ukimya wake:
mtoni alizima redio, akayasikiliza maji
yakigonga mlango, akapima kina kwa sikio.
Lakini ilikunywa! Ilikunywa kama shemeji matangani.
Na tone moja likiingia kwenye delko,
basi, tunalala pale pale, tunahesabu vyura.

Ya mazutu ni nzito. Watu wanne waliishusha,
wa tano alitoa ushauri.
Inakula kidogo, inavuta polepole,
miinuko ya baada ya Burhale inaitafuna kama muwa,
maji yakiifika kifuani bado inasema.
Ila pampu yake ikifa, bei ni mahari.
Na mazutu yenyewe nitayapata wapi?
Kule njiani, kwa ajili ya pikipiki,
kila kibanda kina chupa za esansi
zimepangwa mezani kama chai ya rangi.
Mazutu utayaulizia mpaka misheni,
na padri atakupimia
pamoja na swali la lini ulikuja kuungama.

Kashindi, mwanagenzi wa garaji, anatetea mazutu.
Mzee Lwaboshi, dereva wa zamani, ameketi bila kualikwa:
"Ya mazutu ikifa, binti, inakufa na ukoo wake."
Wanabishana hadi chai inapoa.
Mimi nahesabu. Magunia tisa, kila moja kilo mia.
Maharage hayana masikio.

"Mazutu," nasema,
na sauti inatoka nusu.

Nikalipa nusu pia; iliyobaki, baada ya mavuno.
Nikaomba kabureta ya zamani.
Fundi akanitazama, hakuuliza,
akaifunga kwenye gazeti kama samaki.

Asubuhi ya kwanza baridi ilikuwa kali,
ukungu umeketi juu ya ziwa kama mwenye nyumba.
Nikageuza ufunguo, nikangoja taa ya njano izime,
somo la Kashindi: hesabu mpaka kumi, usiilazimishe.
Ikakohoa.
Ikanyamaza.
Ikakohoa tena, kikohozi cha chini, cha kifua,
na mara ya tatu ndipo ikaamka,
kama baba na sigara zake, kila alfajiri,
kabla hajampa mtu yeyote salamu.

Nilikaa mkono juu ya gia, sikuondoka.
Nje, Mama Namwezi alikuwa anapiga kelele
juu ya moshi, juu ya jirani wasio na adabu,
na mashuka yake meupe, aliyoyaanika jana.