Wa Nne

Nerima ananiuliza, akipuliza moto:
"Kuku wanne wapo uani,
bucha pale Butula haifungwi hadi usiku,
nawe waloweshwa na umande
kwa ndege asiyejaza kiganja?"

Sina jibu. Nausimika mlingoti,
vitundu saba, kimoja juu ya kingine,
ndani yake madume yanayoimba kwa uchungu wa kufungwa,
na walio huru, huko juu gizani,
wanadhani ni mwaliko.

Nimewahi kumdanganya. Nilisema ni biashara,
mwaka ule yai la kware liliuzwa kama dawa.
Bei ikafa, nikabaki na mitego.
Nikasema ni urithi: baba alisokota vitanzi
kwa singa za mkia wa ng'ombe.
Lakini baba aliniachia jembe pia,
na jembe halijawahi kuniamsha saa tisa usiku.

Labda ni hili tu:
kulala kifudifudi kwenye mabua ya wimbi,
simu nyumbani, deni la karo nyumbani,
mwili mzima umegeuka sikio.
Kisha kitanzi kinakaza. Namshika.
Moyo wake unapiga kidoleni mwangu
upesi kuliko niwezavyo kuhesabu,
na wangu, wa miaka sitini na miwili,
unajaribu kumfuata.

Narudi na watatu.
Nerima anawahesabu, anabandika maji.
Wa nne nilimfungulia vidole.
Akijua, ataniuliza hilo nalo kwa nini,
kwa hiyo nanyamaza,
nanyonyoa.