Hauna Upande wa Pili

Mji wangu hauna mlima.
Una daraja.
Daraja la Nyali, mgongo umebinuka kidogo
kama mtu aliyeinama kuokota sarafu,
basi huo ndio mlima wangu wa kila alfajiri:
kupanda mara arubaini, kushuka mara arubaini,
malori ya saruji yakinipulizia moshi,
na Kombo muuza maji akinihesabia kwa sauti,
akikosea makusudi ili nirudie.

Fundi Shebwana wa Kisauni alinionya:
"Chumvi ya huku, Mwanasha, haina haya.
Italamba hiyo cheni kama mbuzi alambavyo ukuta."
Kila usiku naivua, naiogesha kwa mafuta taa,
naipangusa kwa kanga kuukuu ya mama,
jina lake limeliwa na grisi,
limesalia USINISEME KWA,
kwa nini, hakuna anayekumbuka.

Gia kumi na nane. Tano zinakubali,
nyingine zinakubali zikipenda.
Breki ya nyuma inalia kama paka wa sokoni.
Chini ya tandiko pana jina la mtoto wa ughaibuni,
limeandikwa kwa rangi ya kucha.
Sijalifuta.

Lugha nayo hunicheka:
nimepanda baiskeli, nimepanda daraja,
viazi vimepanda, kachiri za mama zimepanda,
na ada ya mashindano, shilingi elfu mbili,
ilitoka humo humo, paketi kwa paketi,
noti zikinukia pilipili.

"Kwani huko Wundanyi kuna nini?"
"Kuna milima, mama."
"Na hiyo milima ina nini?"
Sikuwa na jibu.
Akanifungia kashata kumi na mbili, tende,
na sweta ya marehemu baba
iliyovaliwa mara moja tu, safari ya Limuru,
ikarudi kulala na naftalini.

Basi likaikataa baiskeli.
"Labda uikatie tiketi," alisema karani, bila kucheka.
Ndipo nikampata Mwadime,
aliyeshusha kabichi Kongowea na sasa anarudi mtupu:
"Panda nyuma. Makreti hayana wivu."

Saa mbili usiku tukavuka daraja langu.
Sekunde arubaini.
Sikujua kuwa ni fupi vile.

Mariakani, Samburu, Maungu,
nimeikumbatia fremu ndani ya maboksi,
pedeli ikinichimba ubavu kila kwenye shimo.
Voi tukanywa chai. Mwatate tukaanza kupinda.
Kona ya nne rejeta ikachemka,
Mwadime akatia jiwe nyuma ya gurudumu,
akatazama mvuke, akanitazama mimi.
"Hapa ni saa nzima."

Nikaishusha baiskeli.

Baridi ilikuwa na meno madogo madogo.
Tochi kichwani, lami, ukingo, giza.
Mapaja yangu yakaanza kuitafuta ile nukta
ambapo daraja hugeuka kuteremka;
yalizoea hesabu yao, themanini kisha pumzi.
Themanini.
Mia.
Mia mbili.
Mlima haukugeuka.

Nikashuka, nikatapika kashata,
nikacheka peke yangu kama mwehu,
nikapanda tena.

Lori liliponifikia, Mwadime alichungulia:
"Unaingia?"
"Kona moja tu."
Akanimulikia kona tatu, polepole,
kivuli changu mbele, kirefu, kinapiga pedeli
bila kuchoka.

Alfajiri nimebandika namba kifuani, 117,
kwa pini za mtandio.
Vidole vinanuka kabichi.
Wenzangu wana miguu ya watu waliozaliwa wakipanda.
Simu inalia.

"Umeuona mlima?"
"Nimeuona."
"Mkubwa?"
"Mama, hauna upande wa pili."

Kimya. Nikasikia mafuta yakivuma karaini,
mbali, chini kabisa, usawa wa bahari.

"Vaa sweta," akasema.